Kochi Lililoziba Mto

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa tunasafisha mto, na kila Jumamosi saa sita mchana mto ulikuwa mchafu vilevile, kwa sababu kila tulichokitoa tulikirudisha.

Usicheke. Ngoja nikueleze. Mto wetu una kingo mbili, na watu wa kila ukingo wanawaita wenzao watu wa ng'ambo, kwa sauti ileile mtu anayotumia akitaja kunguni. Zamani, kabla sijafungua duka, jirani mmoja wa upande wetu aliopoa mlango mtoni, akaukausha, akaupachika jikoni kwake. Mwezi haujaisha akatokea mtu wa ng'ambo, akasema mlango ni wake, na kwamba hakuutupa, aliuweka tu mtoni. Kesi ikaenda miaka mitano. Mwisho wake pande mbili zikaunda Kamati ya Pamoja ya Mto, na Kamati ikatunga kanuni ambayo mpaka leo ndiyo pekee watu wanayoikumbuka: kitu kilichomo mtoni ni mali ya mtu, na hakitoki mpaka mwenyewe ajitokeze atie saini ya ridhaa.

Sasa niambie wewe, nani atatia saini kwamba taka ni zake? Anayekubali, jina lake linaandikwa kwenye ubao pale darajani mwaka mzima. Tangu ubao uwekwe ulikuwa na jina moja tu, la fundi bomba mmoja aliyedhani anasaini kupokea fulana.

Kwa hiyo usafi wenyewe ulikuwa hivi. Tunavaa gambuti na glavu, tunaingia majini sisi huku na wao kule. Mtu anainua mfuko wa nailoni, anaunyanyua juu ili kingo zote mbili zione, anapaza sauti: "Wa nani huu?" Watu wote wanatazama mawingu. Anahesabu mpaka kumi, halafu anaurudisha mfuko majini taratibu, palepale ulipokuwa, maana Karani wa Kamati ana ramani na anajua kila takataka inapoishi. Karani huyo ni mtu mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni na buti ambazo hazijawahi kulowa. Siku moja nilirudisha sufuria kuukuu nikaielekeza kulia badala ya kushoto. Akaniita mbele za watu, akaniambia, "Mama, tafadhali, usituharibie kumbukumbu."

Na watu walikuwa wanarudi nyumbani wamechoka, wananuka, wameridhika kabisa.

Mimi ni fundi wa makochi. Wananiita Mama Sponji, na sijali, sponji ndiyo inayonilisha. Kazi alinifundisha baba. Kochi la mwisho kutoka mikononi mwake tulilitengeneza watu watatu: fremu aliipiga randa kaka yangu, ambaye ni seremala, springi na sponji akaweka baba, kitambaa nikashona mimi, rangi ya damu ya mzee. Baadaye kaka akaoa ng'ambo, akahamia huko, na sasa ndiye mwenyekiti wa upande wao kwenye Kamati. Baba alipougua kifua akawa hawezi kulala chali. Akahamia kwenye kochi lile, akakaa pale miezi minane. Mimi namlisha, mimi namgeuza, mimi nashona viti vya watu kwa mkono mmoja. Kaka je? Kaka alikuwa anatuma salamu. Daraja lile ni hatua arobaini, nimezihesabu.

Baba akafariki. Viti vya msiba hata havijarudishwa vilikoazimwa, mimi na kaka tukawa tumeshashikana kwa maneno. Analitaka kochi. Nikamwambia, "Ungelitaka wakati baba bado amelikalia." Ndugu wakaketi, wakakuna vichwa, wakaamua: kochi libaki kwangu, na kaka awe na haki ya kuliulizia. Uamuzi wa ajabu, lakini ndivyo walivyoamua, na kaka akaishika haki yake kwa mikono miwili. Kila Jumatatu Muuza Maziwa akivuka daraja na madumu yake, anasimama mlangoni pa duka langu. "Mama Sponji, kaka yako anauliza, kochi halijambo?"

Nami najibu, "Mwambie halijambo."

Miaka minne hiyo. Mimi na kaka tukikutana mtoni siku ya usafi tulikuwa tunapishana kama nguzo mbili, hakuna hata kikohozi.

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Kochi halikuwepo. Pale alipozoea kukaa baba palikuwa pamebonyea. Mimi ni fundi bwana, nikafungua, nikaichambua sponji ya baba na kuirudisha ikiwa imetuna. Wiki ya pili pakabonyea tena, palepale, upana uleule. Nikafungua tena, nikakaza mikanda, nikakaza na springi. Pakabonyea. Nikawa sipiti sebuleni bila kugeuza uso, na mteja akija akienda kukaa pale nampigia kelele mpaka anashtuka. Siku moja, mchana, mvua inapiga na hakuna hata kuku aliyeko nje, nikalipakia kwenye mkokoteni, nikalisukuma mpaka mtoni, nikalipindua. Sikujisikia vizuri wala vibaya. Nilirudi nikaoga nikalala. Kesho yake nikapanga makreti manne ya soda sebuleni, nikayavika kitambaa cha rangi ileile, mtu akichungulia kutoka nje anaona kochi.

Aliyejua ni shangazi peke yake, dada yake baba, anayeishi kwangu, na alijua kwa sababu alikaa. "Kochi hili limekonda," aliniambia, anajishika nyonga.

Basi mwaka huu mvua zikaja kwa fujo. Kochi lililokuwa limetulia chini kwa chini karibu na duka langu likaamua kutembea. Likasombwa mpaka darajani, likaingia chini ya upinde, likakwama wima, mgongo umeegemea nguzo kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Nyuma yake vikajazana vyote tulivyokuwa tunavirudisha kwa adabu miaka yote ile: mifuko, magurudumu, mabeseni, godoro, nusu ya friji. Maji yakakosa pa kupita, yakaanza kupanda. Karani akachora ramani upya, akaandika: kitu namba mia mbili na kumi na moja, kinachodhaniwa kuwa kochi, kimefunikwa na matope, mwenyewe hajulikani.

Jumamosi nane mfululizo watu walikuwa wanakwenda chini ya daraja, wanalipigapiga lile rundo mgongoni kwa kuwa halinyanyuliki, wanauliza, "La nani hili?" Wanahesabu mpaka kumi. Na mimi nimo, nimesimama na glavu zangu, natazama mawingu kuliko mtu yeyote.

Nyumba ya kaka iko ng'ambo, hatua chache tu kabla maji hayajafika darajani, pale ukingo ulipo chini. Maji yakijaa yanaanzia kwake. Habari zake nazipata kwa Muuza Maziwa. Jumatatu ya kwanza: maji yamefika kizingitini. Jumatatu ya pili: kaka amepandisha kitanda juu ya matofali. Ya tatu: kapandisha matofali juu ya matofali, analala pua karibu na dari, mkewe kahamia kwao. Ya nne, ukuta wa nyuma umeanza kupasuka, mtu anaweza kupitisha kidole. Na kila Jumatatu, baada ya habari zote hizo, Muuza Maziwa anakohoa kidogo halafu anauliza, "Na kochi halijambo?"

"Halijambo."

"Anasema anamshukuru Mungu kochi la baba liko upande wako, pakavu. Anasema hilo ndilo linalompa usingizi."

Siku hiyo nilishona mto wa kiti nikaufunga na mkono wangu ndani.

Shangazi alikuwa ananitazama kutoka kwenye makreti. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema. "Na yako sasa imejaa maji."

"Shangazi, nikisema, hatanisamehe mpaka tunaingia kaburini."

"Na usiposema, yeye ataingia wiki ijayo. Ukuta ule ni wa udongo. Chagua."

Unaniuliza kama niliogopa? Niliogopa, tena sana. Baba na mama hawapo, nina kaka mmoja tu duniani, na uzi pekee uliokuwa unatuunganisha ni kuulizia kochi ambalo nililitupa mimi mwenyewe. Nikisema ukweli, hata Jumatatu zile nazipoteza. Nisiposema, nyumba inamwangukia kichwani. Usiku ule sikupata usingizi hata lepe.

Jumamosi ikafika. Watu wamejaa darajani na kwenye kingo zote mbili. Kaka amesimama upande wao, suruali imelowa mpaka mapajani, na hakulowa mtoni, alilowa akitoka chumbani kwake. Karani akafungua daftari. "Kitu namba mia mbili na kumi na moja. La nani hili? Moja. Mbili. Tatu."

Alipofika saba nikasema, "Langu."

"Rudia kwa sauti, pande zote zisikie."

"Langu! Kochi la baba yangu! Nimelitupa mimi, kwa mikono yangu, na mkokoteni ni wangu vilevile, andika yote!"

Watu wa upande wetu wakasogea hatua moja mbali nami, kana kwamba nimekohoa damu. Kaka akashika ukingo wa daraja. "Kochi lipi?" akauliza.

"Lile."

"Lile liko sebuleni kwako."

"Sebuleni kwangu kuna makreti manne ya soda na shangazi."

Shangazi, aliyekuwa amekuja na fimbo yake kuangalia, akainua mkono kuthibitisha. Uso wa kaka ulikwenda mahali sijawahi kuuona ukienda. Miaka minne hatujasemezana, na maneno yetu ya kwanza ndiyo hayo.

Karani, mtu wa watu, hakuona lolote isipokuwa kwamba kwa mara ya kwanza ana mteja. Akanipa fomu na kalamu ya kwanza. "Saini hapa, mama."

"Asisaini!" Kaka amenguruma mpaka ndege wakaruka. "Fremu ya kochi lile ni kazi yangu, mbao kwa mbao. Sijaridhia!"

"Mwenyekiti, maji yako chumbani kwako," mtu mmoja wa upande wao akamwambia kwa upole.

"Yabaki! Sijaridhia!"

Ungedhani Karani atakasirika. Thubutu! Alifunua kanuni kama mtu anayefunua zawadi. "Kitu chenye wenyewe zaidi ya mmoja," akasoma, "kila mwenyewe ataridhia kilicho chake." Akaandika huku anatamka. "Kitambaa: kimeridhiwa. Fremu: haijaridhiwa. Sponji na springi?"

"Aliweka marehemu," nikasema.

"Marehemu ameacha saini?"

"Ebo! Ameacha kaburi."

"Sponji na springi: saini inasubiriwa." Akapiga mstari. "Basi, kwa mujibu wa kanuni, mama ana haki ya kutoa kitambaa."

Nikasema vizuri. Kama ni kitambaa, nitatoa kitambaa. Nikatia koleo mfukoni, nikashuka majini mbele ya pande zote mbili, maji yakanifika kifuani, yananuka mpaka machozi yanatoka. Nikaanza kuondoa matope na mifuko, na ile damu ya mzee ikajitokeza kidogo kidogo. Nikashika msumari wa kwanza. Shangazi akapiga kelele kutoka darajani, "Anzia mgongoni! Baba yako mgongoni alikuwa anabania misumari!"

Nilikuwa nimeng'oa kama sita hivi niliposikia chubwi. Kaka amejitosa. Alikuja anapasua maji kwa mikono kama anayekata nyasi, akanisukuma bega, akapanda, akaketi kwenye kochi. Kaketi kabisa, mgongo nyuma, mikono kwenye egemeo, maji yanamfika kwapani na gurudumu la baiskeli limeegemea goti lake.

"Ng'oa sasa," akasema. "Ning'oe na mimi."

Ndugu wakigombana, wahenga walisema, chukua jembe ukalime. Hakuna aliyekwenda kulima. Watu walikuwa wanatafuta pa kusimama waone vizuri.

Nami nikasema, ala! Unanitisha kwa kukaa? Nikaendelea kuvuta kitambaa kutoka chini ya mapaja yake. Navuta, anakandamiza. Navuta, anakandamiza. Mara akaacha. Akapapasa chini yake, ndani ya maji, akajisogeza kidogo, akapapasa tena.

"Pana shimo hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Kochi langu halina shimo. Fremu ile haiwezi kulegea."

"Haikulegea. Ni baba." Nikapaonyesha kwa koleo. "Hapo ndipo alipokaa miezi minane. Nimepajaza mara ya kwanza, nimepajaza mara ya pili, na springi nimezikaza. Alikuwa anaamka asubuhi amekaa hapo, anatazama mlango. Nikimuuliza unatazama nini, anasema hakuna kitu. Anatazama mlango! Na wewe uko hatua arobaini, unatuma salamu."

Kaka alikuwa ameketi palepale, ndani ya lile bonde, na hakujisogeza.

"Niliogopa," akasema taratibu. "Kila asubuhi nilikuwa natoka nyumbani, nafika katikati ya daraja, nasikia anakohoa, narudi. Nikidhani nisipomwona hafi."

Hilo sikuwa nalijua. Lakini hasira ikishapanda ngazi haiteremki kwa neno moja, na mimi yangu ilikuwa imekaa juu miaka minne. Nikalitupa koleo.

"Na baada ya hapo? Kila Jumatatu! Kila Jumatatu unatuma mtu na madumu yake kuuliza kochi halijambo! Mbao na misumari! Nimeumwa, umeulizia kochi. Duka limeungua nusu, umeulizia kochi. Nilikuwa nazungumza na makreti, kaka! Umewahi hata siku moja kuuliza mimi?"

Nilikuwa nalia kwa sauti, waziwazi, pua na macho, mbele ya watu mia mbili na nusu ya friji. Hakuna aliyetazama mawingu.

Kaka akanyanyua uso. Matope yamemkaa mpaka kwenye nyusi.

"Hujambo, mdogo wangu?" akauliza.

"Swali hilo halimo kwenye fomu," Karani akasema kutoka darajani, na shangazi akampiga fimbo ya mguu.

Nilikusudia kusema sijambo. Ndivyo tunavyosema wote, hata mtu ambaye nyumba inawaka moto nyuma yake husema sijambo kwanza. Neno likagoma kutoka. Kaka akajisogeza upande, akanipisha, nikapanda nikaketi kando yake, nikaanza kumjibu. Nilianzia siku baba alipokataa uji.

Fomu ilisainiwa, nakumbuka hivyo tu; kaka alisaini huku ananisikiliza, wino ukachuruzika wote. Sponji na springi alisaini shangazi, akasema marehemu alikuwa mvivu wa kalamu tangu utoto na barua zake zote aliyekuwa anamwandikia ni yeye. Wakaleta kamba mbili na watu kumi na wanne, saba wa huku na saba wa kule, wakatuomba tushuke kwenye kochi. Tukashuka. Katika kumjibu kaka nikawa nimefika kwenye wiki ya tatu.

Mengine nimesimuliwa. Wanasema kochi lilipotoka mto ulipiga mluzi, halafu rundo lote likaanza kwenda. Na hapo, jamani, watu wakaona mali zao zinaondoka! Mama mmoja wa ng'ambo akaona beseni linamkimbia, roho ikamuuma, akapiga ukunga: "Langu hilo! Lishikeni!" Mwingine: "Godoro langu!" Wakajitupa majini wazee kwa akina mama, wanagombea kukiri, mtu kamkumbatia nusu ya friji, anaapa kwamba ni yake tangu ilipokuwa nzima. Karani akaishiwa fomu, akaanza kuwasainisha mikononi, akaingia majini na buti zake. Mpaka saa kumi jioni maji yalikuwa yametoka chumbani kwa kaka, ubao wa darajani umejaa majina pande zote mbili, na mto, wanasema, ulionekana mpaka chini.

Mimi sikuona. Nilikuwa nimeketi kwenye nyasi za ukingoni na kaka yangu, gambuti zimejaa maji, na nilikuwa bado namjibu.